Kompyuta haijaimaliza sataranji, na huenda bao likatangulia

Wiki iliyopita pale Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja aliiweka simu yake juu ya bao, katikati ya kete, akatangaza kwamba ubishi umekwisha. Ndani ya simu mlikuwa na Stockfish, programu ya sataranji ambayo mtu yeyote anaipakua bila ya kulipa hata senti. "Hii haikosei, ami. Sataranji ishamalizwa, limebaki hilo lenu tu." Mzee ambaye ilikuwa zamu yake kucheza hakuinua hata uso. "Iondoshe, mwanangu, umenifunikia nyumba," yaani lile shimo kuu la upande wake wa bao.

Tulicheka, dele la kahawa likapita, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pweza. Lakini kauli ile niliondoka nayo. Kijana hakusema kwamba programu inatushinda. Hilo halina mbishi tangu Mei 1997, Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu. Alisema haikosei. Kuwashinda watu wote ni jambo moja, kutokosea ni jengine kabisa, na barza nzima, pamoja na wazee wenye midomo mikali, iliyameza yote mawili kwa funda moja.

Upande wa kijana una nguvu, tusijidanganye. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alipofika kilele chake Mei 2014 alikuwa na alama 2882 katika kipimo cha uwezo wa wachezaji, na hakuna binadamu aliyewahi kumzidi. Programu za leo zinakadiriwa kupita 3500. Hata tukisema mizani hizo mbili si moja, kwa kuwa programu zinapimana zenyewe kwa zenyewe, tofauti hiyo ni kubwa mno. Tena katika mashindano ya programu kwa programu, kama yale ya TCEC, waandaaji huchagua wenyewe hatua za ufunguzi, na kwa makusudi huchagua zile zinazompa upande mmoja nafuu, kwa sababu wakiziacha zianze kwa hiari yao karibu kila mchezo utakwisha sare. Ndivyo ilivyo pia katika sataranji ya masafa, ambako mchezaji ana siku nyingi za kufikiri na anaruhusiwa kutumia kompyuta: huko juu kabisa sare imekuwa ndiyo kawaida, na ushindi ni kioja. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wa mwanzo tangu 1886, aliamini kwamba sataranji ikichezwa sawasawa na pande zote mbili mwisho wake ni sare. Ikiwa Steinitz alisema kweli, na ikiwa programu haifungwi, basi imekosa nini? Kijana angeniuliza hivyo, na lingekuwa swali zuri.

Kuna na jambo la pili linalomsaidia. Mwaka 1913 mwanahisabati Mjerumani Ernst Zermelo alionesha kwamba mchezo wa aina hii, usiokuwa na bahati wala karata zilizofichwa, una jibu lake tangu mwanzo. Ama mweupe ana njia ya kushinda hata afanye nini mweusi, ama mweusi anayo, ama kila mmoja ana njia ya kujihakikishia sare. Hakuna la nne. Kwa hivyo ukamilifu upo, si ndoto. Upo kama mkufu uliozama baina ya Unguja na Pemba: kila mtu anajua umo, na bahari haijapungua.

Sasa niseme kwa nini nadhani upande wa pili, ule wa wanaosema "bado", haujasikilizwa vizuri. Watu huuona kama ukaidi wa wazee wasiotaka kukiri kwamba wameshindwa na mashine. Lakini hoja yake haihusu fahari ya binadamu hata kidogo. Inahusu tofauti baina ya kutofungwa na kujua, na tofauti hiyo tunaweza kuipima, kwa sababu kuna mchezo ambao mashine ilipitia vituo vyote viwili. Mchezo huo ni dama, wenzetu wa bara wanaita drafti.

Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, Jonathan Schaeffer alianza mwaka 1989 kutengeneza programu iliyoitwa Chinook. Bingwa wa dama wakati huo alikuwa Marion Tinsley, Mmarekani, mwalimu wa hisabati, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini alipoteza michezo ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1992 Tinsley aliishinda Chinook. Mwaka 1994 walirudiana. Baada ya sare sita mfululizo Tinsley alijitoa kwa sababu ya maradhi, na mwaka uliofuata akafariki. Chinook ikawa bingwa. Tokea hapo hakuna mtu aliyekuwa na matumaini ya kuifunga. Kijana wetu angekuwepo, angeiweka juu ya meza akasema dama imekwisha.

Schaeffer mwenyewe hakusema hivyo. Aliendelea kuhesabu, kompyuta kwa makumi zikifanya kazi, wakati mwengine mia mbili kwa pamoja, mpaka 2007 ndipo alipotangaza kwamba dama imetatuliwa na jibu lake ni sare. Baina ya ubingwa wa 1994 na ujuzi wa 2007 kuna miaka 13. Katika miaka yote hiyo mashine ilikuwa haishindiki, na ilikuwa haijui. Na dama, ukiilinganisha na sataranji, ni dimbwi la maji ya mvua mbele ya Bahari ya Hindi.

Tuiache dama, turudi kwenye sataranji yenyewe, maana na huko kuna pembe moja ndogo ambayo ukamilifu umeshafikiwa. Pembe hiyo ni mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakitengeneza majedwali ambayo kila mkao wa kete umeandikiwa hukumu yake: huu ni wa kushinda, huu ni sare, huu umekwenda na maji. Hapana kukisia. Jedwali linajua kama wewe unavyojua jina la mama yako.

Na kila jedwali jipya lilipokamilika, lilituaibisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, alikuwa na jedwali la malkia dhidi ya ngome. Kila kitabu cha sataranji kilisema malkia anashinda, tena kwa wepesi. Thompson alimpa Walter Browne, bingwa wa Marekani mwenye cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, upande wa malkia, na mashine ikakaa na ngome. Kwa mchezo kamilifu kazi ile haizidi hatua 31. Browne alishindwa kuimaliza ndani ya 50. Mashine ilikuwa ikijitetea kwa njia ambazo hakuna mtu aliyezifikiria, ikiipeleka ngome mbali na mfalme wake pale ambapo vitabu vyote vilisema wakae karibu karibu. Browne akaenda kujifunza, akarudi, na mara ya pili akafanikiwa kwa hatua ya 50 kamili.

Mfano wa pili unanipendeza zaidi. Mwaka 1851 Kling na Horwitz walionesha mkao ambao farasi mmoja anajilinda dhidi ya maaskofu wawili, na dunia ikakubali kwamba hiyo ni sare. Ikakaa sare kwa zaidi ya karne. Wajukuu wakafundishwa, na wajukuu wao. Mwaka 1983 jedwali la Thompson likasema hapana: maaskofu wanashinda karibu kila mahali, ila inaweza kuchukua mpaka hatua 66. Miaka 132 ya yakini ikaondoka kwa siku moja.

Lakini nambari inayoninyima usingizi ni 549.

Mwaka 2012 Warusi, kwa kutumia kompyuta kubwa ya Lomonosov ya Chuo Kikuu cha Moscow, walimaliza majedwali ya kete saba, wafalme wawili wakiwamo. Ndani yake ukapatikana mkao ambao upande mmoja unashinda, na ushindi wenyewe, ukichezwa bila ya kosa na pande zote mbili, unahitaji hatua 549. Tuupime. Mchezo wa kawaida wa mabingwa unamalizika kwa hatua 40 hivi. Mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya kugombea taji la dunia ulikuwa baina ya Carlsen na Nepomniachtchi kule Dubai mwaka 2021. Ulichukua hatua 136, karibu saa nane, na waliotizama walisema wameshuhudia maajabu. Hatua 549 ni mara nne ya huo na zaidi. Na zote hizo zinachezwa na kete saba, juu ya ubao ulio karibu mtupu, hali ambayo mchezaji yeyote wa skuli angedhani anaielewa.

Ukizifuata hatua zenyewe moja moja, kwa mamia yake huoni kinachoendelea. Kete zinazunguka. Mfalme anakwenda pembeni anarudi. Hakuna dalili kwamba hatua ya 200 iko karibu zaidi na ushindi kuliko hatua ya 100, ila jedwali linasema iko. Sisi tuna maneno ya kueleza mchezo mzuri: kubana, kutega, kuvuta, kumaliza. Hapo hakuna hata moja linalofaa. Na programu nayo, ukiinyang'anya jedwali na kuiacha itumie akili yake yenyewe, inakuwa kama sisi: inaona mkao ulio sawa sawa, inatoa makisio ya "nafuu kidogo", inaendelea kuzunguka. Kama zipo hatua 549 zilizojificha nyuma ya kete saba, ni nini kilichojificha nyuma ya 32? Tukiitazama programu ikicheza sare kutoka mwanzo, tunajuaje kwamba hatua ya 12 haikuwa na mlango wa ushindi ulio mbali hatua elfu, ambao yeye na mpinzani wake wote wawili hawakuuona? Sare baina ya vipofu wawili na sare baina ya waonao wawili zinaandikwa namna moja kwenye karatasi.

Hapa ndipo ushahidi wa sare unapolegea. Unathibitisha kwamba programu hizi hazipati njia ya kufungana. Hauthibitishi kwamba njia haipo. Na tizama historia yao: Desemba 2017 AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind iliyojifundisha kwa saa chache tu kwa kucheza na nafsi yake, ilitangazwa kuwa imecheza michezo 100 na Stockfish ya wakati huo, ikashinda 28 na nyengine zote sare, bila ya kufungwa. Stockfish ile ile ambayo siku moja kabla watu walikuwa wakiiita karibu na ukamilifu. Wengine walilalamika kwamba masharti hayakuwa ya haki, na walikuwa na lao. Walipocheza tena, safari hii michezo elfu moja, AlphaZero ilishinda 155 na ikafungwa sita. Mkamilifu hafungwi hata mara moja, achilia mbali sita. Na Stockfish ya leo ingeifanya ile AlphaZero mtoto.

Nikubali jambo moja kwa moyo mweupe. Inawezekana kabisa kwamba programu ya leo, ikianza mkao wa mwanzo na ikipewa muda wa kutosha, haitafanya kosa la kuupoteza mchezo. Nikilazimishwa kuweka dau nitaliweka hapo, pamoja na Steinitz. Lakini mtu anayebahatisha jibu sahihi la mtihani na mtu anayelijua wanapata alama sawa mara moja, kisha mwalimu anabadilisha swali. Ukamilifu hauchagui mahali pa kuanzia. Ule ufunguzi wa upande upande ambao waandaaji wa TCEC wanazilazimisha programu, nao ni sataranji, na humo programu zinafungana kila msimu.

Basi turudi kwenye bahari yenyewe, maana hapa kijana ana karata yake bora kuliko zote na ingekuwa dhulma kuificha.

Mikao halali ya sataranji, kwa makadirio ya John Tromp, ni kiasi cha 48 ikifuatwa na sufuri 43, yaani nambari yenye tarakimu 45. Claude Shannon, aliyeandika mwaka 1950 juu ya kuifundisha mashine sataranji, alihesabu na michezo yenyewe, akapata moja yenye sufuri 120 nyuma yake, akasema mashine ya kukagua njia zote ingehitaji miaka ambayo hata jina hatuna. Wengi huishia hapo, wanafunga kitabu. Haifai, kwa sababu kuutatua mchezo hakuhitaji kupita kila mahali. Ukitaka kuthibitisha kwamba mweupe anapata sare, kwa upande wake unahitaji hatua moja nzuri kila mahali. Ni za mpinzani tu ndizo unazopaswa kuzijibu zote. Hilo linakata kazi kwa kiasi kikubwa mno. Dama ina mikao kiasi cha tano ikifuatwa na sufuri 20, lakini Schaeffer hakuhitaji kuigusa yote. Uthibitisho wake ulipita kwenye mikao kiasi cha moja na sufuri 14.

Kwa hivyo tufanye hesabu, na niseme mapema kwamba ni hesabu ya barzani. Dama ilimalizika kwa theluthi mbili ya sufuri zake. Tuipe sataranji bahati hiyo hiyo: theluthi mbili ya 44 ni kama 30. Moja na sufuri 30. Kompyuta inayokagua mikao bilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka trilioni 30 na ushei, zaidi ya mara elfu mbili ya umri wa ulimwengu. Zipange kompyuta milioni moja, inashuka mpaka miaka milioni 30.

Kijana atasema: milioni 30 si kitu, kasi ya kompyuta ilikuwa ikiongezeka maradufu kila miaka miwili, na ikiendelea hivyo kwa miaka arobaini na kitu kazi itakuwa ya miaka kumi. Ni kweli, nimeirudia hesabu mara tatu na inatoka. Ila angalia kilichofichwa ndani ya neno "bahati hiyo hiyo". Katika dama, ukiweza kula ni lazima ule, na lazima hiyo inafunga milango mingi. Sataranji katika mkao wa katikati ina hatua kama 35 za kuchagua, na hakuna anayekulazimisha. Katika dama Schaeffer alikuwa na jedwali kamili la mikao yote ya kete kumi, katika mchezo unaoanza na 24. Alianza kuchimba kutoka ng'ambo ya pili akiwa ameshakaribia nusu ya njia. Sataranji ina jedwali la kete 7 katika 32. Na jedwali linavimba hivi: la kete tano linaenea kwenye kadi ya simu, kiasi cha gigabaiti moja, la sita linataka 150, la saba, hata likiwa limebanwa kwa ufundi wa hali ya juu, linakula terabaiti 17. Kila kete moja mpya inazidisha ghala zaidi ya mara mia. Kasi unaweza kuisubiri ikue, ila kumbukumbu ya kuhifadhi kila kilichothibitishwa lazima uwe nayo mahali, kwa kitu cha kushikika, na ghala la sufuri 30 halijengeki kwa chochote tunachokijua. Halafu lile la maradufu kila miaka miwili limeshaanza kuchoka, na watengenezaji wenyewe wanalisema.

Njia ya mkato ingekuwa kanuni. Mchezo wa Nim ulikuwa na mafungu ya njiti na watu wakibishana, mpaka Charles Bouton mwaka 1901 akatoa kanuni fupi ya hisabati, na tokea siku hiyo anayeijua hana haja ya kuhesabu. Sataranji haijaonesha hata kivuli cha kanuni kama hiyo. Yale majedwali ya kete saba, kamili kama yalivyo, hakuna aliyeweza kuyafupisha kuwa maneno.

Ndiyo maana neno "kamwe" silitumii, ila nasema hivi: kwa njia ya kuhesabu, hakuna aliyekunywa kahawa pale siku ile atakayeiona, wala mjukuu wake.

Na tukiifikia, je, tutakuwa tumepata tulichokitaka? Mchezaji anayejua tu kwamba mkao huu ni sare na ule ni sare hana sababu ya kuchagua baina yao. Kama sataranji ni sare tangu mwanzo, basi mbele yake hatua nyingi kati ya zile 20 za mwanzo huenda zikawa na thamani moja, nzuri na za kijinga pamoja, na yeye atacheza yoyote. Hatakutega, kwa kuwa hajui mtego ni nini. Atasubiri ukosee. Stockfish ya kwenye simu, isiyo kamilifu, inajua kukutia tabu. Hao ni viumbe wawili tofauti, na nadhani kijana alikuwa akimsifu wa pili kwa jina la wa kwanza.

Limebaki lile neno lake la mwisho: "limebaki hilo lenu tu." Alilitupa kama dharau, lakini nilipofika nyumbani nikaona amepiga mahali asipopakusudia. Sataranji ina vyumba 64. Bao la kiswahili lina kete 64. Mtu angedhani ni ndugu pacha. Siyo. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliokuwa wakiifundisha kompyuta bao, walikadiria mwaka 2002 kwamba mikao yake ni kiasi cha moja na sufuri 25. Mholanzi mwenzao, Alexander de Voogt, alikuwa ameshakaa na mafundi wa Unguja kabla ya hapo akisoma namna wanavyofikiri. Sufuri 25 ziko baina ya dama yenye 20 na sataranji yenye 44, tena karibu zaidi na dama.

Irejee hesabu yetu. Theluthi mbili ya 25 ni 17 hivi. Bao ni zito kwa mashine kuliko sataranji, kwa sababu hatua moja inaweza kuzunguka mashimo ikila na kusambaza mpaka uchoke kuitizama, basi tusiipe mashine bilioni kwa sekunde. Tuipe milioni moja tu. Kompyuta elfu moja zingeimaliza kwa miaka mitatu na kidogo. Hata kama nimekosea mara mia, ni kazi ya chuo kikuu chenye pesa, haihitaji umri wa nyota. Na jirani yake ameshaingia kaburini: awari, mchezo wa jamii ya bao kutoka Afrika Magharibi, wenye mashimo 12 na kete 48, ulitatuliwa Amsterdam mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal. Mikao bilioni 889 yote ikakaguliwa. Jibu: sare.

Bao lina kinga moja ambayo sataranji haina. Wale wale Waholanzi waligundua kwamba ipo mikao ya bao ambayo hatua moja, ukiifuata kwa kanuni, haimaliziki: kete zinazunguka na kuzunguka, shimo la mwisho kila mara lina kitu, hulali kamwe. Fundi wa bao akilikuta hilo ataweka mkono wake juu ya bao na watu watakubaliana. Mashine lazima iambiwe. Na itakapouliza kanuni za ndani za bao, kama ya kutakasia au ya nyumba inaposafiri, itaambiwa na nani? Hata sataranji, yenye shirikisho la dunia na kitabu kimoja cha kanuni, imetikiswa na swali hili: FIDE inasema hatua 50 bila ya kula wala kusogeza askari, mchezaji ana haki ya kudai sare, na kwa kanuni hiyo ushindi mrefu wa majedwali, ule wa mamia ya hatua, unageuka sare tupu. Baada ya majedwali ya Thompson waliirefusha kanuni kwa baadhi ya mikao, kisha wakairudisha 50 kwa wote. Ukamilifu ukabadilika kwa kura ya kikao.

Ijumaa nilimpelekea yule mzee hesabu ya bao, nikidhani itamgusa. Akaisikiliza mpaka mwisho, kete tatu mkononi.

"Kompyuta elfu moja, miaka mitatu, usiku na mchana?"

"Ndiyo, ami."

"Umeme wa nani huo?" Sisi tuliokaa kiza miezi mitatu tangu Disemba 2009, baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika, hatukuhitaji kufafanuliwa. Kijana mwenyewe alicheka. Halafu mzee akamwambia asogee akae, maana mwenzake hajafika, na akaanza kupanga: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi.